Samaki wa Robo Saa

Kapinga alikuwa na dharau ya kutosha mji mzima wa Butembo, na ambayo ingebaki angeweza kuipeleka Beni bila kupungukiwa. Alikuwa nayo tangu zamani. Alizaliwa Kananga, binti ya karani wa reli, akaolewa na Jephté, mtumishi wa serikali mpole ambaye hakuwahi kukataa uhamisho hata mmoja. Wakapelekwa Kindu. Huko Kapinga alikunja pua kwa sababu ya joto na mbu, akaisimulia Kananga mpaka majirani wakachoka kuisikia. Kisha wakapelekwa Beni, wakapanga nyumba katika komine, yaani kata, ya Beu, na hapo ghafla Kindu ikawa mahali pa kulilia. Kule kulikuwa na mto, kule kulikuwa na samaki, kule watu walijua kuvaa.

Hali ya Beni ilipoharibika kwa vita, Jephté akahamishiwa Butembo. Haikupita wiki, Beni ile ile aliyoitukana kwa vumbi lake ikawa mji mtukufu. "Kule Beu," Kapinga alianza kusema kila asubuhi, na Jephté akijua hotuba inayofuata alichukua koti lake na kwenda bureau, ofisini kwake. Alikuwa ameuona mchezo ule tangu Kindu, lakini hakuutaja. Yeye alikuwa mtu wa kupenda usingizi wake.

Kilichomuudhi Kapinga zaidi katika Butembo ni matajiri wasiojua kuwa matajiri. Mwenye nyumba yao alikuwa mmoja wao. Mama Emérence, mjane, alikuwa akiuza vitenge kwa jumla, alishapanda ndege ya Dubai mara ambazo yeye mwenyewe hakuzikumbuka, na alikuwa na jengo la gorofa karibu na soko. Mtu kama huyo, kwa hesabu ya Kapinga, alipaswa angalau kunukia marashi. Badala yake alikuja kwa miguu, na viatu vya plastiki, kitenge kimepauka magotini, na kichwani kitunga cha mazao kutoka shamba la ukoo wake Lubero.

"Mutu iko na étage, na bado anakula maharage," Kapinga alimwambia mumewe. "Maharage asubui, maharage mangaribi. Pesa yote ile inaendaka wapi?"

"Inaendaka njo pale kwenye étage," alijibu Jephté, naye akatazamwa kwa jicho lililomrudisha kwenye gazeti lake.

Lakini tumtendee haki kidogo, maana mbele hatutapata nafasi. Nyumba ile ya mtaa wa Kimemi Kapinga aliipenda. Ilikuwa na baraza ya simenti, bomba la maji ndani ya ua, na mparachichi ulioangusha matunda hadi mlangoni. Shule ya binti yao Mélanie, aliyekuwa akimaliza masomo ya sekondari mwaka huo, ilikuwa umbali wa kuita mtu naye akaitika. Katika kila mji Kapinga alikuwa ameziacha bilauri zake za harusi ndani ya sanduku, zimefungwa kwenye magazeti ya Kananga, kwa sababu ya nini kufungua kitu ambacho kesho kitafungwa tena. Kimemi alizitoa. Alizipanga kabatini, akasimama akazitazama muda mrefu, na hakumwambia mtu yeyote kwa nini macho yake yalikuwa mekundu.

Basi ndiyo maana habari ilipokuja, ilimchoma. Nzanzu, mtoto wa kwanza wa Mama Emérence, alikuwa amekimbia Beni na mke na watoto, na walikuwa wamebanana kwa mama yake kama viazi ndani ya gunia. Mama Emérence alikuja mwenyewe, akakaa barazani, akasema bila kuzunguka kwamba baada ya Pasaka angehitaji nyumba. Mélanie alikuwa na Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, baada ya Pasaka hiyo hiyo. Kapinga hakutaka mengi. Alitaka waachwe mpaka mtoto amalize mtihani. Lakini kuomba! Kumwomba mwanamke wa viatu vya plastiki! Alikaa na neno hilo kooni mpaka nusu ya Kwaresima ikapita.

Mwishowe alimwuliza jirani yake, Gracieuse, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa hapo hapo. Gracieuse hakuona ugumu wowote.

"Umuite akuye kula, Mama Mélanie. Mais usipike mbele, kabla hajafika. Akishaikala, njo utie maharage ku moto. Maharage inaiva polepole. Mutaongea mambo ya shamba, ya batoto, ya wagonjwa. Mbele chungu iive, maneno ya nyumba itakuwa imeisha."

"Maharage?"

"Maharage. Ni Karema, Kwaresima, ile mama hakule nyama siku ya Tatu na siku ya Tano, Ijumaa."

Kapinga alimshukuru kwa mdomo wa juu tu. Moyoni alicheka. Amwalike mtu aliyelala na kuamka katika maharage, kisha amlishe maharage? Hapana. Atamwonyesha. Huyu mama ataingia nyumbani kwa watu waliosoma, atakula kitu ambacho Dubai yake haikuwahi kumwekea mezani, atajua anaongea na nani. Mtu aliyetiwa adabu namna hiyo hanyimi miezi miwili.

Bahati, au tuseme balaa, ilikuja ndani ya sanduku la barafu. Xavier, mwenzake Jephté wa kazini, alitoka Kampala kupitia mpaka wa Kasindi na kuleta samoni, vipande vitano vya rangi ya chungwa, vimebanwa ndani ya plastiki kama dawa. Kapinga alivipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameona katika simu yake mwanamke mmoja wa jiko jeupe akimpika samaki huyo kwa asali, kitunguu saumu na mchuzi wa soya, robo saa tu, samaki akatoka anang'aa kama viatu vya mkuu wa wilaya siku ya sikukuu. Robo saa! Hilo nalo lilimpendeza. Kupika nusu siku, alisema, ni kazi ya watu wasio na kazi.

Ijumaa jioni Mama Emérence alifika kabla ya jua kuzama, na kitunga chake kichwani. Alivua viatu mlangoni, akasalimu kila mtu kwa jina, akakishusha kitunga miguuni pa Kapinga.

"Nilileta kidogo ya shamba," alisema.

Kapinga aliangalia. Maharage yale mekundu yenye madoa, viazi vya Lubero na udongo wake bado, vitunguu vya majani, maracuja, yaani matunda ya pasheni. Alisema asante kwa sauti ya mtu aliyekabidhiwa mtoto aliyejikojolea. Akavimwaga vyote ndani ya beseni nyuma ya mlango wa jiko, viazi na maracuja vikagongana. Kitunga akakisukuma kwa mguu ukutani.

"Mama, ikala kwa kiti. Mie natengeneza chakula. Hapana kukawia."

"Hakuna mbio, mama yangu," alisema Mama Emérence. Akavuta kigoda, akakisogeza karibu na mlango wa jiko, akanyoosha miguu kama mtu aliyekuja kukaa. "Tutaongea pole pole. Mie niko na neno ya kuwaambia."

"Kwanza tukule," alisema Kapinga. Angesikia neno gani kutoka kwa mtu ambaye bado hajaona samaki?

Katika simu, mwanamke wa jiko jeupe alizungusha kitufe na moto ukapungua. Mbabula ya Kapinga, jiko lake la makaa, haikuwa na kitufe. Ilikuwa na makaa, na makaa yale, yakiwa ya msitu mgumu, hayakujali mapishi ya mtu. Aliweka vipande ngozi chini, mafuta yakaruka, akavigeuza. Akamimina asali aliyokuwa ameichanganya na soya na kitunguu saumu. Kwa muda mfupi mambo yalikuwa mazuri kweli. Asali ilichemka kwa mapovu madogo, ikashika samaki, ikawa na rangi ya kahawia ya kuvutia, na harufu ikatoka iliyomfanya hata Jephté akunje gazeti. Halafu sukari ikashika chini. Kapinga akanyanyua kikaango, akakirudisha, akakinyanyua tena, akipuliza na kulaani kwa Kiluba. Alikwangua weusi upande mmoja, akageuza upande mzuri juu, akamwagia rojo iliyobaki. Robo saa ilikuwa haijaisha.

Mama Emérence, kwenye kigoda chake, alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye habari za mvua ya Lubero. Alikuwa akieleza jinsi mteremko wa shamba ulivyoporomoka, na sauti yake ilikuwa inatembea taratibu, mtu angeona inakoelekea. Toka mvua ingefika kwa Nzanzu, toka kwa Nzanzu ingefika kwenye nyumba. Meza ikasogezwa, sahani ikatua mbele yake.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari, mama! Banasema ni robo saa."

Mama Emérence aliitazama sahani. Mlikuwa na wali mweupe uliopikwa mapema, jani la giligilani, na kipande cha samaki kinachometameta.

"Kichwa iko wapi?"

"Saumon hapana kuya na kichwa, mama. Kichwa ilibaki kule Ulaya."

"Ah. Na bugali iko inakuya nyuma?"

"Saumon banakula na muchele."

Mélanie, ambaye alikuwa amekulia mikononi mwa watu wa huku na kujua jambo moja au mawili, alileta maji ya kunawa bila kuambiwa. Kapinga aliona aibu, kwani alikuwa ameweka uma. Mama Emérence alinawa, akafanya ishara ya msalaba, akala kwa vidole vyake safi. Alikula vizuri, bila kunung'unika, mpaka ngozi. Kapinga alisubiri sifa huku akisimulia samaki huyo anavyopanda mito ya baridi, anavyopelekwa kwa ndege, anavyoliwa Kinshasa katika hoteli kubwa tu.

"Iko muzuri," alisema Mama Emérence hatimaye. "Inanikumbusha ile dawa ya kikohozi, ile tunawapatiaka batoto. Banaipenda sana."

Alisema kwa wema kabisa, na hilo ndilo lililomuua Kapinga. Jephté alikohoa, kisha akamkanyaga mkewe mguu chini ya meza. Maana ya kukanyaga huko ilikuwa: nyumba, omba sasa. Lakini Kapinga angeombaje? Kwake, mtu huomba akiwa juu ya mwenzake. Sifa aliyoitaka haikuja, na kuomba bila sifa ilikuwa kupiga magoti. Akasema kuhusu bei za hoteli za Kinshasa. Sahani zikawa tupu. Mama Emérence alitazama mbabula, ambamo makaa mazuri yalikuwa yakiungua bure bila chungu juu, akamtazama Kapinga aliyekuwa ameshasimama kuondoa vyombo, na akaelewa kwamba jioni imekwisha.

"Basi, niende mbele giza inipate."

Alinyoosha mkono kuchukua kitunga chake. Na hapa Kapinga, ambaye tunaweza kumsamehe uma na hata asali, alifanya lile ambalo hasamehewi. Alijua. Mama yake, kule Kananga, hakuwahi kumrudishia jirani hata kibakuli bila kutia kitu ndani, chumvi kidogo, yai, kipande cha sabuni, chochote. Kapinga mdogo ndiye aliyekuwa akitumwa kupeleka. Kabatini wakati huo kulikuwa na chumvi. Kulikuwa na sukari. Kwenye kikaango kulikuwa na kipande kizima cha samoni, kile cha Xavier, aliyealikwa pia lakini hakuweza kuja. Kapinga alikifikiria kipande hicho, akaona chai ya asubuhi ya Jephté. Akafikiria maharage nyuma ya mlango, akayapima na samaki wa ndege aliyekwisha kuingia tumboni mwa mgeni. Huyu mama, alijiambia, alishalipwa hata zaidi.

Akakigonga kitunga chini yatoke mabaki ya udongo, akakipangusa kwa kitambaa, akampa. Kitupu.

Mama Emérence alikipokea. Alitazama ndani. Alitazama kwa muda, kama mtu anayetafuta sindano, kisha akakiweka kichwani.

"Mama," alisema Jephté kwa haraka, "na ile maneno ya nyumba..."

"Pasaka iko karibu, Papa Mélanie. Mutafute mapema. Wasingya," akashukuru kwa lugha yake. "Tulikula."

Akavaa viatu vyake vya plastiki na kutoka.

Kesho yake Gracieuse aliingia bila kubisha hodi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepita msibani.

"Mama Mélanie, ulifanya nini?"

"Nilimulisha saumon."

"Mama Emérence alikuya kuwaambia mubaki! Nzanzu alikubali kubanana mpaka mutoto amalize examen. Alikuwa anangojea chungu iende ku moto njo aseme. Sasa anasema ulimufukuza na chakula ya mbio, na kitunga ukamurudishia tupu. Kwetu kitunga tupu ni kusema: tumalizane, usirudi."

"Kwa ajili ya kitunga!" Kapinga alicheka, lakini kicheko kilitoka kikavu. "Alikula saumon ya Ulaya, na bado analia kitunga?"

"Saumon alikula yeye. Kitunga inaendaka kwa bale balibaki nyumbani. Bajukuu yake balikuwa banamungojea ku mulango." Gracieuse akashusha sauti. "Mais haiharibike bado. Utie chumvi, utie sukari, umupelekee leo. Useme ulisahau. Atacheka, mambo iishe."

Ilikuwa rahisi hivyo. Kutoka mlango wa Kapinga mpaka kwa Mama Emérence hakukuwa na mwendo wa kumaliza maracuja moja. Jephté alichukua mfuko wa sukari kabatini mwenyewe, akauweka mezani mbele ya mkewe.

"Nenda, mama. Mie nikienda, itaonekana unakataa."

"Niende niseme nini?"

"Useme ulisahau."

"Mie hapana kusahau. Nilijua. Sasa nikaombe musamaha kwa mutu mwenye kuvaa plastiki, juu ya saumon nilimupatia? Banichekee Kimemi yote? Batafute mutu mwingine."

"Na Mélanie?"

Kapinga aligeuka kwenye kabati. Bilauri za harusi zilikuwa pale, zimepangwa. Hapo, kama kuna mahali katika habari hii ambapo mtu angemwonea huruma, ndipo. Alijua anataka nini. Alijua bei yake ni sukari na hatua chache. Lakini dharau ilikuwa imekaa naye muda mrefu kuliko bilauri, ilimzoea, na ilimshika mkono.

"Mélanie iko na akili," alisema. "Atapita hata kutoka porini."

Sukari ilikaa mezani mpaka sisimizi wakaigundua. Kipande cha samoni nacho Jephté hakukitaka. Siku ya tatu kilianza kunuka ndani ya kabati, na paka wa Gracieuse alikataa kukisogelea, akakitazama kwa namna ambayo Kapinga aliichukia sana, kwa kuwa aliijua.

Wakahamia mtaa wa Mususa baada ya Pasaka, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea milango, kwa mwenye nyumba aitwaye Syauswa, mtu wa maneno mengi na jogoo mmoja. Bomba lilikuwa mbali. Mélanie alitoka kila asubuhi na viatu mkononi ili visipate matope, na siku ya mtihani mvua ilimpata njiani vile vile. Alipita kwa asilimia ambayo Jephté hakuitaja bureau. Bilauri zilirudi sandukuni. Safari hii zilifungwa kwenye magazeti ya Butembo.

Na Kapinga? Kapinga alipona haraka, kama kawaida yake. Haikupita wiki mbili, majirani wapya wakaanza kusikia.

"Kule Kimemi," alimwambia Hulda, mke wa mchomeleaji, walipokuwa wameinama kila mtu kwenye mbabula yake uani, "bailleresse wetu, mwenye nyumba, alikuwa mama ya kweli. Mutu ya Dubai, mais hapana kujisifu. Alikuwa anakuya kwa miguu na kitunga imejaa. Maharage ya Lubero, viazi, maracuja. Hapana hii maharage ya michanga munauziana huku. Ile maharage, unatia ku moto, nyumba yote inajua."

Kwenye mbabula yake chungu cha maharage kilikuwa kinachemka tangu mchana. Hulda alisikiliza kwa adabu, akiwa mtu anayependa kujua desturi za watu.

"Na kitunga yake," aliuliza, "ulikuwa unamurudishiaka na nini?"

Kapinga aliinama zaidi, akaanza kupuliza makaa ambayo yalikuwa yameshika moto zamani.